Mvuke unapoingia kwenye fuwele isiyo na tundu: jaribio la kufanya katika maabara ya shule

Mara ya kwanza nilipofanya jaribio hili na wanafunzi wa kidato cha tano hapa Moshi, nilichukua asidi ya benzoiki, nikaisaga kwenye kinu cha maabara mpaka ikawa laini kama unga wa ngano, nikaifunika pamoja na amonia ndani ya chupa, kisha nikawaambia watazame. Unga mweupe ukabaki unga mweupe. Baada ya saa moja binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, naona hakuna kilichotokea." Kilichotokea kilikuwa kikubwa, maana asidi yote ilikuwa imegeuka chumvi. Lakini mimi mwenyewe ndiye niliyewanyima nafasi ya kukiona.

Tumezoea kufundisha kwamba ukitaka mmenyuko uende haraka, saga. Ni kweli. Lakini hapa hatutafuti haraka. Tunataka kuona mvuke unavyoingia ndani ya kitu kigumu kisicho na tundu, unaanzia upande gani, na unaacha nini nyuma yake. Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda kinyume: tutakuza fuwele kubwa kadiri tuwezavyo, tutaziweka kwenye mvuke wa amonia, na tutakaa tukizitazama.

Nimeuandika kwa ajili ya walimu wa kemia na mafundi wa maabara. Wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wanaweza kufanya hatua zote wakiwa na msimamizi. Asiufanye mtu peke yake nyumbani.

Kwanza, tunaongea juu ya nini

Fuwele ya asidi ya benzoiki imejengwa kwa molekuli zilizopangwa safu kwa safu. Kila molekuli mbili zimeshikana mikono upande wa asidi kwa vifungo vya haidrojeni, na upande wa pili kila moja ina pete ya benzini. Jozi hizo zimebanana kiasi kwamba hakuna njia ambayo molekuli ya amonia, ndogo ilivyo, ingeweza kupenya bila kusogeza kitu. Haifanani na mkaa au jiwe la pumisi, vitu ambavyo vina vitundu tangu mwanzo. Kemia ya fuwele zenye vitundu imeandikwa sana. Hizi zisizo na vitundu zina habari yake.

Mmenyuko wenyewe ni mwepesi:

C6H5COOH + NH3 → C6H5COONH4

Asidi inaiachia amonia protoni, na chumvi ya amoniamu benzoeti inazaliwa. Molekuli iliyoko juu kabisa ikishageuka, haikai tena vizuri kwenye mpango wa zamani. Imepata mgeni, imepata chaji, inahitaji nafasi zaidi. Safu ya juu inavurugika, inapasuka, na katika ile mipasuko mvuke unaifikia safu ya chini yake. Njia haikuwepo. Mvuke unaikata wenyewe kadiri unavyokwenda.

Wanakemia David Curtin na Iain Paul wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walilichunguza jambo hili kwa makini miaka ya 1970. Walichukua fuwele mojamoja za asidi za jamii hii, kama asidi ya para-klorobenzoiki, wakaziweka kwenye amonia na kuzitazama kwa hadubini. Waligundua kwamba mvuke haushambulii pande zote sawasawa. Vibamba vile vyembamba vilianza kugeuka pembezoni, na mpaka wa mmenyuko ukasogea kuelekea katikati, huku uso mpana ukikaa bila kuguswa. Uso mpana umefunikwa na pete za benzini, ambazo amonia haina shughuli nazo. Pembezoni ndiko vikundi vya asidi vilikojitokeza. Hilo ndilo tunalotaka wanafunzi walione kwa macho yao.

Vifaa

Asidi ya benzoiki, kama gramu 5. Kama haipo kwenye stoo yenu, nitaeleza jinsi ya kuitengeneza kutokana na sodiamu benzoeti, ile dawa ya kuhifadhia juisi na sosi ya nyanya wanayotumia wajasiriamali wadogo.

Spiriti safi ya maabara, mililita 20. Isiwe ya kupikia iliyotiwa rangi.

Mbolea ya SA, yaani amoniamu salfeti, kijiko kimoja. Duka lolote la pembejeo litakupimia, na mara nyingi ukisema ni ya shule unapewa bure.

Chokaa iliyozimwa, ambayo bado hai. Nitalirudia hili, maana ndipo wengi wanapokwama.

Chupa ya kioo yenye mdomo mpana na kifuniko, ya lita 1. Bika mbili ndogo, kisahani cha kioo, vipande vya kioo vya hadubini, kibanio, karatasi za litmasi nyekundu, mizani inayosoma mpaka gramu 0.01, na lenzi ya mkono. Hadubini ikiwepo ni heri zaidi, lakini simu iliyobanwa juu ya lenzi ya mkono inatosha kupiga picha nzuri.

Punje chache za sukari. Sisi tunatumia ile ya TPC, kiwanda cha sukari cha hapa Moshi, ya rangi ya kahawia, yenye punje kubwa. Na punje mbili tatu za mrututu, yaani salfeti ya shaba.

Miwani ya kinga na glavu kwa kila anayekaribia meza.

Kabla ya kufungua chochote

Amonia inachoma macho, pua na koo. Fungua madirisha yote. Mwenye pumu akae mbali na meza, aangalie picha baadaye, na asionewe haya kwa hilo. Ikiingia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali.

Usiweke amonia karibu na dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini. Zikikutana zinatoa gesi ya sumu. Angalia sinki na ndoo za usafi kabla hujaanza, kwa sababu mara nyingi dawa hiyo imeachwa palepale na aliyefanya usafi asubuhi.

Ukishamaliza hatua ya 1, chupa ya asidi ya haidrokloriki nayo ikae mbali mpaka hatua ya mwisho. Mvuke wake ukikutana na amonia hutoa moshi mweupe, nao utatua juu ya fuwele zako na kukudanganya kwamba zimegeuka.

Hatua ya 1: Kupata asidi

Mwenye asidi ya dukani aruke hatua hii. Wengine: yeyusha gramu 10 za sodiamu benzoeti kwenye mililita 50 za maji. Ongeza taratibu mililita 40 za asidi ya haidrokloriki ya moli 2 kwa lita, huku ukikoroga. Mchanganyiko utakuwa mzito kama uji mwepesi, kwa sababu asidi ya benzoiki haiyeyuki vizuri kwenye maji baridi. Lita nzima ya maji ya nyuzijoto 25 inabeba gramu 3.4 tu. Chuja, suuza mara mbili kwa maji baridi, anika kwenye karatasi mahali pasipo vumbi. Utapata karibu gramu 8. Vumbi lake linakohoza, kwa hiyo usilipeperushe.

Hatua ya 2: Kukuza vibamba

Hapa usiwe na haraka. Jaribio zima linasimama au kuanguka kwenye hatua hii.

Yeyusha gramu 2 za asidi kwenye mililita 10 za spiriti, bila moto. Inayeyuka yenyewe ukitikisa. Chuja iwe angavu kabisa, maana kila chembe ya uchafu itakuwa kiini cha fuwele ndogo ndogo usizozitaka. Mimina kwenye bika safi, funika kwa karatasi, toboa karatasi matundu matano au sita kwa sindano. Weka kwenye kabati, mbali na jua na mbali na mtu anayefungua na kufunga mlango. Hapa Moshi, wakati wa joto la Januari, spiriti hukauka upesi mno na utapata sindano zilizoshonana. Punguza matundu yawe mawili. Rafiki zangu wa Arusha, kwenye baridi ya Julai, wanasubiri siku mbili zaidi na wanapata vibamba vizuri kuliko vyangu.

Siku ya tatu au ya nne utaona vipande vyembamba, bapa, vinavyopitisha mwanga kama kioo. Vichukue kabla spiriti haijakauka yote. Vitoe kwa kibanio, vilaze juu ya karatasi ya kuchujia, usivisugue. Kibamba cha milimita 3 hadi 5 kinatosha kabisa. Chagua vitano au sita visivyo na ufa, kwa sababu ufa ni njia ya mkato, nao utauonyesha mvuke ukiingia mahali ambapo fuwele nzima isingeuruhusu.

Hatua ya 3: Kuhakiki chokaa

Chokaa iliyokaa wazi stoo inavuta hewa ya kaboni dayoksaidi na kugeuka kalsiamu kaboneti, na hiyo haitakutolea amonia ya maana. Koroga kijiko cha chokaa kwenye maji, acha yatulie, chuja, kisha puliza pumzi kwa mrija ndani ya maji yale angavu. Yakigeuka maziwa, chokaa iko hai. Yasipobadilika, tafuta nyingine kwa mafundi ujenzi, ile iliyofunguliwa mfuko wiki hiyo. Ukipuliza usivute, na utumie mrija mrefu.

Nimewahi kukaa mchana mzima na darasa tukisubiri amonia isiyokuja. Mbolea ilikuwa nzima. Chokaa ndiyo ilikuwa imekufa.

Hatua ya 4: Kupanga chupa

Pima gramu 1.22 za asidi ya unga kwenye kisahani kilichopimwa uzito wake. Namba hii nimeichagua kwa makusudi: ni sehemu moja ya mia ya uzito wa moli ya asidi ya benzoiki, na itarahisisha hesabu mbele. Hiyo ni sampuli ya mizani. Vibamba vyako vizuri vilaze juu ya kipande cha kioo, kimoja kimoja, visigusane. Kando yake laza punje mbili za sukari na punje moja ya mrututu.

Pindua bika ndogo ndani ya chupa, kwenye kitako chake, iwe kama kigoda, juu yake weka kisahani na kile kioo. Bandika ukanda wa litmasi nyekundu iliyoloweshwa kwenye ukuta wa ndani, juu.

Sasa changanya gramu 1 ya SA na gramu 1 ya chokaa kwenye kizibo cha chupa ya soda, ongeza matone mawili ya maji, na kitumbukize haraka chini ya chupa, kando ya kigoda. Funika. Usikikaze kifuniko kabisa, kiache kimelegea kidogo.

Kwa nini gramu 1 tu? Gramu 1 ya SA inaweza kutoa karibu gramu 0.26 za amonia, na sampuli ya mizani inahitaji 0.17. Inayobaki inatosha vibamba na hewa ya chupa. Ukizidisha, unaongeza msukumo ndani ya chupa na ukali wa harufu wakati wa kufungua, bila faida.

Na kwa nini matone mawili tu ya maji? Kwa sababu amoniamu benzoeti inayeyuka vizuri kwenye maji. Chupa ikiwa na unyevu mwingi, uso wa fuwele utalowa, na utakuwa umefanya jaribio la kimiminika ukidhani ni la mvuke. Unyevu kidogo hauepukiki, na huharakisha mambo. Lakini ukiona matone kwenye kioo chenye vibamba, anza upya.

Hatua ya 5: Kutazama

Litmasi itageuka bluu ndani ya dakika chache. Hapo ndipo saa inaanza kuhesabiwa. Piga picha ya vibamba kila baada ya dakika 10, simu ikiwa imetulia mahali pamoja.

Mrututu ndio wa kwanza kusema. Bluu yake ya anga inakolea na kuwa bluu nzito ya wino, kwa sababu amonia inaishika shaba na kusukuma maji pembeni. Wanafunzi wanaotoka Kibosho, Uru na Machame wanaufahamu mrututu tangu utotoni, ni dawa ya shaba inayopigwa kwenye kahawa dhidi ya chulebuni na kutu ya majani, na wanaufurahia sana ukibadilika mbele yao. Waeleze hata hivyo kwamba mrututu ni fuwele ya ayoni yenye maji ndani yake, haiko katika kundi la fuwele za molekuli tunazozichunguza. Tumeuweka uwe shahidi wa rangi, kwamba mvuke umefika juu ya kioo.

Sukari haibadiliki. Nayo ni fuwele ya molekuli, nayo haina vitundu, lakini haina asidi ya kuiachia amonia protoni. Mwanafunzi aliyeniuliza, "Mwalimu, kama amonia imepita kwenye asidi, kwa nini kwenye sukari isipite?" alikuwa ameuliza swali lenyewe hasa. Mvuke haupiti kwa kuwa ni mvuke. Unapita pale tu mmenyuko unapouvunjia njia.

Kisha vibamba. Kwanza ukingo unapoteza ung'avu, kama kioo cha dirisha kilichopuliziwa pumzi. Ukungu huo unakuwa mweupe kabisa, na mpaka wake unasogea ndani. Katikati pana dirisha angavu ambalo bado unaweza kusoma herufi za gazeti kupitia kwake. Dirisha hilo linazidi kuwa dogo. Kwetu kibamba cha milimita 4 kilihitaji usiku mmoja kugeuka chote. Chako kinaweza kuwahi au kuchelewa kulingana na unene, joto na unyevu. Umbo la nje linabaki lilelile, pembe zilezile, ila sasa ni mkusanyiko wa vifuwele vidogo sana vilivyoshikana, na ukiugusa kwa sindano unavunjika kama chaki.

Hatua ya 6: Kukatiza katikati

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Wakati kibamba kimoja kimefika nusu, fungua chupa ukiwa karibu na dirisha, kichukue kwa kibanio na kitumbukize kwenye maji baridi ndani ya kisahani. Ukingo mweupe, ambao ni chumvi, unayeyuka mbele ya macho yako. Kiini angavu kinabaki, kwa kuwa bado ni asidi na maji baridi hayaiwezi. Kilichobaki ni kibamba kidogo ndani ya kile kikubwa.

Kipime urefu na upana kwa rula chini ya lenzi, linganisha na picha ya mwanzo. Upande mmoja utakuwa umeliwa zaidi ya mwingine. Chora kwenye daftari. Wakiwa na vibamba vinne vilivyokatizwa kwa nyakati nne tofauti, wanafunzi wanaweza kuchora grafu ya mwendo wa mpaka kwa kila upande.

Hatua ya 7: Kuthibitisha

Toa sampuli ya mizani siku ya pili, iache wazi dakika 15 amonia iliyoshikilia juu iondoke, kisha pima. Asidi yote ikiwa imegeuka, gramu 1.22 zitakuwa 1.39. Ongezeko hilo ni kama asilimia 14. Ukipata pungufu, ndani ya unga bado kuna asidi: koroga, rudisha na SA mpya. Ukipata zaidi, ni unyevu. Wakati wa masika namba yangu huwa inazidi kidogo kila mara. Usiiache sampuli wazi mpaka kesho yake, kwa sababu amoniamu benzoeti inapoteza amonia taratibu ikiwa hewani.

Tia nusu gramu kwenye mililita 10 za maji baridi. Asidi ya mwanzo ingebaki chini karibu yote. Hii inayeyuka. Gawa myeyusho kwenye testitubu mbili. Ya kwanza ongeza sodiamu haidroksaidi na pasha kidogo: litmasi nyekundu iliyoloweshwa, ikishikwa mdomoni mwa testitubu, inageuka bluu, amonia imetoka tena. Ya pili ongeza asidi ya haidrokloriki: asidi ya benzoiki inarudi kama theluji. Chuja, kausha, rudisha kwenye kopo lake, itafaa kwa darasa lijalo.

Mabaki ya SA na chokaa yamwagie maji mengi nje, kwenye upepo, kisha yamwage kwenye nyasi. Maji yenye mrututu usiyamwage mtoni wala kwenye mfereji. Shaba inaua samaki. Weka kwenye chupa ya mabaki.

Kwa atakayetaka kwenda mbele

Asidi ya salisiliki na asidi ya sitriki nazo zinapokea amonia. Ya sitriki inavuta maji upesi, kwa hiyo ifanye siku kavu. Jaribu pia kibamba kilichopakwa gundi pembezoni pote, uone kama mvuke utaweza kuanzia usoni. Sisi tulikifanya mara moja tu, kikakaa angavu zaidi ya saa sita wakati wenzake wamekwisha kuwa chaki, lakini mara moja haitoshi.

Huko nje jambo hili limefika mbali. Huko Ujerumani, Gerd Kaupp wa Oldenburg alizitazama nyuso za fuwele kwa hadubini ya nguvu za atomu akaeleza hatua tatu: molekuli kusogea, awamu mpya kujengeka, na kipande kupasuka na kuachia uso mpya. Mwaka 2006 kundi lililokuwa na Guillermo Mínguez Espallargas na Lee Brammer wa Sheffield, Uingereza, lilionyesha fuwele ya shaba isiyo na vitundu ikimeza mvuke wa asidi ya haidrokloriki. Vifungo vya shaba na naitrojeni vinakatika, vipya vinafungwa, rangi inatoka bluu na kuwa njano, na ukipasha joto mvuke unatoka tena. Jaribio hilo si la maabara zetu za shule. Lakini mwanafunzi aliyekiona kibamba cha asidi ya benzoiki kikiliwa kuanzia ukingoni atalielewa akilisoma.